Skrini nyeusi tii baada ya kuongeza kasi ya kompyuta

Feni zinazunguka, picha hakuna. Usikimbilie kulaumu kadi ya picha. Mara nyingi ni mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) iliyogoma, hasa ya RAM (kumbukumbu ya muda). Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe, kisha toa betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, na ungoje dakika 5 ili mipangilio ya BIOS ifutike. Irudishe, uwashe na kijiti kimoja tu cha RAM. Hapa Lamu upepo wa chumvi hauna huruma: meno ya kijiti yakififia, yasugue taratibu kwa raba ya penseli. RAM ya aina ya DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa kujipima kabla picha haijatokea, basi usizime kwa pupa. Ikiwaka, panda tena kasi kwa megahezi 100 kila hatua. Volti iache kwanza.