Kabla haijawa picha ya msiba

Shangazi yangu alizikwa Magu mwaka 2021, na picha iliyowekwa mbele ya jeneza lake ilitoka kwenye kadi ya mpiga kura. Mimi ndiye niliyetumwa mjini kwenda kuikuza. Kijana wa stesheneri akaiskani kadi, akaivuta sura mpaka ikajaa karatasi ya A3, akaniuliza kama inatosha. Haikutosha. Mashavu yalikuwa yamegeuka vidoti, paji la uso limemezwa na mwanga wa flashi, na yale macho yake ya kucheka yamekodoka kama ya mtu aliyeonywa asipepese. Nikalipa, nikaitia fremu, nikapanda hiace nimeipakata mapajani hadi Magu. Msibani, mtoto wa jirani ambaye shangazi alikuwa akimpa kiazi kila anapopita, aliitazama ile picha, kisha akamvuta mama yake khanga: "Mama, huyu ni nani?"

Swali hilo sikuweza kulilalia. Mwaka uliofuata nilinunua kamera.

Ni Canon 600D iliyokwisha kutumika, niliipata kwa shilingi 480,000 pamoja na lenzi yake ndogo. Fedha ilitoka kwenye kikoba, na mume wangu alijua kila shilingi kabla haijatoka. Miezi mitano baadaye nikaongeza lenzi ya milimita 50, na tangu hapo ile ya kwanza inalala kabatini. Kwa anayeanza picha za sura, hizi tunazoziita potreti, ningemwambia anunue lenzi hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Inakulazimu kusimama hatua tatu nne kutoka kwa mtu, umbali wa maongezi. Ukiwa karibu zaidi pua inavimba na mtu anakuogopa. Ukiwa mbali zaidi unaanza kupiga kelele.

Kazi inayonilipa mshahara ni ukarani wa mizani kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Saa moja asubuhi niko ndani ya buti za mpira na kofia ya wavu, naandika kilo za kila tenga linaloshuka. Saa kumi na nusu natoka, Jumamosi natoka mchana. Tunakaa Kitangiri, hapa Mwanza, tuna watoto wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa minne. Mume wangu anaendesha daladala, hivyo Jumapili yake ni siku ya kazi kama nyingine. Picha zikae wapi hapo katikati?

Mwanzoni nilizipachika kila mahali. Nilipiga harusi, kipaimara, mahafali. Harusi zinalipa, sitaki kumdanganya mtu. Ila harusi inakuchukua Jumamosi saa nane na kukurudisha usiku wa manane, kisha inakudai wiki mbili za kuchagua na kusafisha picha usiku, watoto wakiwa wamelala. Jumamosi moja mdogo aliamka na joto. Nikampa dawa ya homa, nikajiambia litashuka, nikaondoka kwa sababu nilikuwa nimepokea nusu ya malipo. Saa moja jioni, wakati bibi harusi anaingia ukumbini, simu yangu ilikuwa kimya ndani ya begi. Nilipoitoa nikakuta simu kumi na moja za baba yao. Alikuwa ameegesha gari, akamkimbiza mtoto kituo cha afya, wamepima, ni malaria, dripu iko mkononi. Nilimaliza ile harusi kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Nilipofika nyumbani saa saba usiku mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, mtoto amemlalia begani. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mama, Jumamosi tunaye au hatunaye?"

Nikamjibu kuwa wanaye. Hiyo ndiyo ilikuwa harusi yangu ya mwisho.

Potreti zikabaki, kwa kuwa potreti moja ni kazi ya saa moja na inaweza kukaa ndani ya jioni. Nina Jumapili mbili kwa mwezi, baada ya ibada na baada ya kufua, na jioni moja katikati ya wiki kazi isipochelewa. Kompyuta nazima saa nne usiku, imeisha haijaisha. Mteja anayelipa anatoa shilingi 20,000, picha moja ya A4 na fremu yake. Kila mwezi nawapiga wazee wawili bure. Wengi huniuliza kwa nini bure, na mimi huwa nawasimulia habari ya Magu.

Mwanza inamsaidia mtu wa jioni kama mimi. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini sisi tuko magharibi yao, kwa hiyo jua letu linachelewa kuchwa kwa karibu nusu saa. Nikitoka kiwandani saa kumi na nusu bado nina muda wa kufika nyumbani, kunawa harufu ya samaki, kumpa mdogo uji na kubeba begi. Mwanga mzuri unaanza kama saa kumi na moja na nusu. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linashuka wima kama ndoo kisimani, kwa hiyo kutoka rangi ya asali hadi giza ni muda mfupi. Ukimwambia mtu "nakuja, nabadilisha betri", unarudi umekuta kivuli.

Mchana nauogopa. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hapa linapita juu ya utosi kabisa, na uso wa mtu unageuka nyusi mbili na mashimo mawili. Ikinilazimu kupiga mchana, natafuta mawe. Wageni wanakuja Mwanza kupiga picha Jiwe la Bismarck na kuondoka, nami nalipenda, ila mawe yenye faida kwangu ni haya ya mitaani, yaliyosimama nyuma ya nyumba za watu, yanayoanikiwa nguo na kuchezewa na watoto. Mkalishe mtu kwenye kivuli cha jiwe kubwa, uso autazame upande ulio wazi wa anga. Mwanga unaingia laini, na jiwe la mbele linalopigwa na jua linamrudishia kidogo chini ya kidevu. Pale pasipo na jiwe la mbele, binti yangu anashika kifuniko cheupe cha boksi la povu, yale ya kusafirishia minofu. Niliomba kilichovunjika pembe, msimamizi akanipa. Binti anajua kukipindisha mpaka mboni ya jicho la mtu ipate nukta ya mwanga. Anasema, "Mama, limewaka," nami nabonyeza.

Kitu kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni rangi za ngozi zetu. Kamera haijui inamtazama nani. Inakadiria mwanga wa fremu nzima, yaani kila kinachoingia kwenye picha, na kuuvuta uwe wa kijivu cha kati. Ukimweka mzee mweusi mbele ya ziwa linalong'aa, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, na mzee anabaki kivuli chenye kofia. Ukimweka mbele ya mlango wenye giza inafanya kinyume, inaongeza mpaka ngozi inapauka kama imepakwa majivu. Nilipoteza sura nyingi kabla sijajua kupima mwanga kwenye shavu lenyewe na kuipuuza fremu iliyobaki. Na mafuta usimfute mtu! Wapiga picha wengi wanabeba poda wakiogopa mng'ao. Mimi nawaomba wazee wajipake mafuta kama wanavyojipaka kwenda kanisani, kwa maana mng'ao ule ndio unaonyesha mfupa wa shavu na mikunjo ya paji. Nikiwa na shaka narudi kwenye picha za Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako nchini Mali mwaka 1948. Alipiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma ya wateja akitundika kitambaa, na cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake. Watu wake ni weusi kweli kweli, na huoni mmoja aliyepotelea gizani. Nami nina khanga tatu za kutundika ukutani, mojawapo ya shangazi.

Lakini mwanga unafundishika. Kigumu ni kumwomba mzee.

Mzee wa kwanza niliyemwendea anashona nyavu kwenye mwalo wa Mihama, mita chache kutoka mtaani kwetu. Nilikuwa nimemtazama miezi, vile anavyoushika uzi kwa meno. Nikamsalimu, "Mwadila, bhabha," akaitika vizuri. Nikamweleza nataka kumpiga picha nzuri, kubwa, ya bure. Akaweka wavu chini. "Binti, watoto wangu wamekutuma? Wanataka ya kuweka kwenye jeneza?"

Nilikosa la kusema, maana alikuwa amegusa palepale. Kwetu picha kubwa yenye fremu watu wameizoea msibani. Ukimjia mzee wa miaka 78 na kamera, yeye anasikia sepetu. Siku ile niliondoka bila picha, na njiani nilijilaumu, nikijiuliza kama haya ninayoyafanya ni heshima au ni kuwatangulizia watu makaburi yao.

Nikarudi wiki iliyofuata bila kamera. Nikakaa. Nikamsimulia ya shangazi, yote, mpaka lile swali la mtoto. Alisikiliza huku akishona, kisha akasema mkewe aliyefariki hakuacha hata picha moja, na kwamba wajukuu wanamjua kwa jina la kaburini tu. Tukanyamaza. Baadaye akaniuliza, "Hiyo picha itakaa kwangu au kwako?" Nikamwambia itakaa kwake, na sitamwonyesha mtu asipotaka. "Basi njoo Jumapili. Unipige nikiwa nashona. Sitaki ya kukaa kama chifu."

Tangu hapo naenda mara mbili. Safari ya kwanza ni ya maneno, kamera inabaki nyumbani. Kwa mwenye kazi na watoto huo ni muda mwingi, najua, na ndiyo sababu kwa mwezi siwezi kupita wazee wawili. Ila picha ya mtu ambaye hujazungumza naye inaonekana. Shingo inakuwa ngumu, midomo imefungwa kama bahasha. Nikishaketi naye namwuliza alivyofika Mwanza, kwa sababu karibu kila mzee mtaani kwetu alitoka mahali, Sengerema, Musoma, Geita, Bukoba, na akianza kusimulia njia anasahau mikono yake. Hapo ndipo.

Mwaka jana tulikwenda Ukerewe kwa mama mkwe, sote wanne, kwa meli hadi Nansio. Kamera niliibeba chini kabisa ya begi, chini ya zawadi na nguo za watoto, nikiwa sijaamua. Mkwe ni mkwe. Nilikuwa nimepiga wazee wa watu na huyu wangu sikuthubutu hata kumdokeza. Siku ya pili, tukimenya mihogo jikoni, yeye ndiye aliyeanza. "Nasikia unawapiga picha wazee wa huko mjini. Mimi nimekukosea nini?"

Nilicheka mpaka kisu kikaanguka. Jioni ile tukatoa kigoda nje, chini ya mwembe, uso wake ukielekea ziwani. Binti akashika mkeka mweupe badala ya kile kifuniko. Nikampiga amevaa vitenge vyake vya kanisani, ametulia. Nikampiga na wajukuu. Halafu kuku akaingia ndani, bibi akageuka kumfokea, kilemba kimeenda upande, mdomo wazi, mkono juu, na mimi kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Tuliporudi kumwona mwezi wa tatu nilimpelekea zote tatu zimechapwa, za ukubwa mmoja. Akazipanga juu ya meza, akavaa miwani, akazitazama muda mrefu bila neno. Mume wangu akanong'ona nisimharakishe. Mwisho akaweka kidole kwenye ile ya kuku.

"Hii ndiyo mtakayoiweka siku yangu. Mmesikia? Hizo nyingine wapeni watoto." Kisha akamgeukia mwanawe, "Lakini kwa sasa ipigilie hapo, karibu na mlango. Watu wakija wanione."

Baba watoto akatafuta msumari, akaokota jiwe uani la kupigilia. Mama akawa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, anamwambia kidogo kushoto, hapana, umezidisha, rudisha, hapo jua la jioni litaichoma.