Kikanda cha Kipushi, viazi vya Makete

Nyumbani wakisikia mtu yuko ughaibuni hufikiria Ulaya au Marekani. Ughaibuni wangu mimi ni Lubumbashi, Kongo, mwaka wa tisa sasa, nauza vitenge. Nilikuja kwa njia wanayopita Watanzania wengi wa hapa: Tunduma, unaikata Zambia, unatokea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Jumamosi iliyopita nimejua kwamba kuna kitu cha kwetu Makete, kusini mwa Tanzania, kilichoipita njia hiyo miaka mingi kabla yangu, tena kwa magunia.

Kikundi chetu kilikwenda Kipushi. Tumo Watanzania, Wakenya na majirani zetu Wakongo. Tunazikana na kuozana, na mara mojamoja tunatoka pamoja. Mwenzetu mmoja ana dada yake kule, na parokia yao ilikuwa na siku ya vyakula. Tukakodi basi dogo, kila nyumba na sufuria yake. Sisi tulipika pilau, Wakenya wakaleta mukimo, viazi vyao vya kuponda. Kutoka Lubumbashi ni kama kilomita 30 tu, tulifika mapema na chakula bado cha moto.

Kipushi ni mji wa mgodi, upo mpakani kabisa na Zambia. Mgodi ulianza miaka ya 1920, ukasimama 1993, ukaja kuamka 2024. Hesabu mwenyewe hapo katikati ni miaka mingapi, na watu walikuwa wanakula nini.

Meza zilipangwa chini ya miembe. Bukari (ndio ugali), sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha), matembele, uyoga mkavu uliopikwa kwa karanga, viwavi vya kukaanga, mitshopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, ikitoa moshi pembeni, na ndoo za munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi. Nilivila karibu vyote kwa furaha, sina mengi ya kusema juu yake. Nilichokuja kusema kilikuwa kwenye meza ya mama mmoja wa makamo, aliyekaa na kisu na sinia la kitu cha kahawia, kilichokatwa vipande kama soseji nene.

Nilikuwa nimekiona Lubumbashi mara nyingi, nikadhani ni nyama ya kusaga, nikapita. Yeye aliniita yaya, ambayo kwao ni dada au kaka mkubwa.

"Yaya, onja. Hii haiko nyama. Iko kikanda."

Nikasimama. Kwetu neno hilo tunalitamka chikanda, na kwetu si chakula. Ni viazi vidogo vilivyo chini ya okidi, yale maua ya uwanda wa Kitulo ambayo wageni husafiri kutoka mbali kuja kuyapiga picha. Mama yangu alikuwa akivichimba. Mvua zikielekea kuisha, maua yakishaanguka, alikuwa anapanda na wenzake alfajiri na jembe fupi, jioni anarudi mgongo umekakamaa na matope hadi magotini. Tulivipima kwa debe. Mnunuzi alikuja, akalipa, akapakia. Tulijua vinakwenda Zambia. Vikifika huko vinafanywa nini, hatukuuliza. Nilichojua ni kwamba debe likijaa, sare yangu ya shule imepatikana.

Kipande kile kina chumvi, kina pilipili, ndani laini, na karanga ndiyo inayobaki mdomoni. Nilimwomba yule mama anieleze anavyopika, akanieleza bila kuficha. Viazi vikikauka vinatwangwa mpaka viwe unga. Maji yanachemka na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo, kisha unga wa kikanda unaingia, na hapo unasonga kwa nguvu, maana unavuta kuliko ugali. Ukishashikana unaupunguzia moto chini, unapalia makaa juu ya mfuniko, unauacha uive pole pole hadi juu ufanye ukoko. Ukipoa ndipo unakatika.

Nikamwuliza alianza lini.

"Tangu mugodi ulifunga. Papa alikosa mushahara, na batoto beko sita. Kikanda ndiyo ilibasomesha."

Viazi anavitoa wapi?

"Inatokaka Zambia. Lakini bale ba Zambia banasemaka inatokaka Tanzania."

Nilikaa kwenye benchi lake. Nikamwambia kwamba Tanzania hiyo naijua mpaka kilima chenyewe, na kwamba mimi pia nimesomeshwa na kikanda. Alinitazama muda mrefu, akaweka kisu chini, akanishika mkono. Siwezi kusema kwamba kiazi alichokipika yeye ndicho alichokichimba mama. Lakini miaka ni ileile, na barabara ni ileile: zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tunduma hadi Kasumbalesa. Mwanamke mmoja upande huu na mwingine upande ule, wote na ada za watoto vichwani, na hawakujuana.

Upande wa pili sitaunyamazia, kwa sababu napapenda kwetu. Ukichimba kiazi cha okidi, umeliua ua. Haliachi shina la kuchipua. Na kulipanda si kama mhogo: mbegu yake ni vumbi, haioti mpaka ikutane na kuvu maalumu wa udongoni. Ndiyo sababu uchimbaji ule ulitisha wataalamu, na mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, yenye aina 45 za okidi. Wazee wanapaita Bustani ya Mungu. Mama aliacha. Alilalamika miaka miwili, kisha akapanda viazi mviringo, na leo husema maua yamerudi mahali ambapo yeye mwenyewe aliyamaliza. Naunga mkono hifadhi ile kwa moyo wote. Nawaunga mkono pia kina mama wa meza zile, na naomba watafiti wetu wa pande zote tatu wapate namna ya kulilima ua hili shambani, maana Katanga, eneo hili letu la Lubumbashi na Kipushi, na Zambia hawataacha kula kikanda, wala sioni kwa nini waache.

Jioni kabla basi halijaondoka nilimpigia mama simu ya video, nikamwonyesha sinia. Mtandao ulikuwa unakatika. Akaniambia nisogeze karibu, akavaa miwani.

"Ndiyo hicho?"

"Ndicho, mama. Wanaweka karanga."

Akanyamaza. Kisha akauliza kipande kimoja bei gani, nikamtajia. Akauliza kina ladha gani. Miaka yote ile ya kupanda Kitulo na jembe, hakuwahi kukiweka mdomoni.

Nilijaribu kumweleza, nikashindwa, simu ikakata. Yule mama wa Kipushi alikuwa amesikia yote. Alifungua mkoba wake, akanipimia unga kikombe kimoja ndani ya karatasi, akakataa hela. Nimeuhifadhi kabatini. Desemba nikienda Makete nitakwenda nao, na karanga nitanunua Tunduma.