Jiwe la mjomba

Kwenye kibanda changu cha useremala hapa Keko kuna jiwe linalozuia mlango usibamizwe na upepo. Mjomba alikuja nalo kutoka Lindi nikiwa bado shuleni, akasema ni mti uliogeuka jiwe. Tulimcheka. Lakini ubavuni lina nyuzi kabisa, kama gogo lililopasuliwa.

Juzi umeme ulikatika, randa ikasimama. Nikaazima lenzi kwa dogo anayetengeneza simu jirani, nipime maneno ya mjomba.

Nilianza na mninga. Ukiukata kukingama, vitundu vinaonekana hata kwa macho matupu. Ndivyo vinavyotutesa: usipovijaza sila, ile rangi ya kuzibia mbao, na kupiga msasa, vanishi inazama na meza haing'ai. Vile vitundu ni mirija ya kupandishia maji. Mkongo unayo, mvule unayo, hata mpingo, ingawa yake ni midogo. Yote hiyo ni miti ya maua. Paini ya Sao Hill haitoi maua, inatoa koni, na ukiikata hivyo hivyo huoni mirija hiyo. Maji yake yanapita ndani ya seli nyembamba zilizobanana.

Nikalilowesha jiwe upande uliovunjika. Hakuna kitundu hata kimoja! Paini tupu.

(Wajuzi watanikumbusha Amborella, kichaka cha New Caledonia: kinatoa maua na mirija hakina. Sawa. Ukoo wake ulijitenga na mimea mingine yote ya maua zamani mno.)

Huko Lindi ndiko Tendaguru, Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini. Miamba yake ina miaka kama milioni 150, na mbao za mawe zilizochunguzwa kutoka huko ni za jamii ya misonobari, yaani ndugu za paini. Maji yenye silika, madini yale yale ya mchanga, hupenya gogo lililofukiwa, silika inaganda ndani ya seli, na umbo linabaki. Maua yalikuja baadaye: chavua zake za kale kabisa ambazo wataalamu wanaziamini ni za kama miaka milioni 135 iliyopita. Kisha yakatapakaa kwa kasi iliyomkera Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe. Mwaka 1879 alimwandikia rafiki yake Hooker, mtaalamu wa mimea, kwamba ni fumbo la kuchukiza.

Dogo alinisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo fundi, wakati huo hata embe hakuna?"

"Embe, muhindi, nyasi, hakuna."

"Sasa lile lidude la shingo ndefu lilikuwa linakula nini?"

Nikamwonyesha rundo la paini. "Majani ya ndugu zake hizi, unazosema ni mbao za maskini."