Barua ya Deni kutoka Social Security: Nilivyoipiga Hesabu Upya Mwezi kwa Mwezi

Ukiwa unapokea bima ya ulemavu ya Social Security, shirika la serikali la hifadhi ya jamii hapa Marekani, ile iitwayo SSDI, ukapata nafuu ukashika kazi ya saa chache, kisha ugonjwa ukakurudisha kitandani, kuna barua ambayo huweza kukufikia muda mrefu baada ya hayo yote. Inasema ulilipwa fedha zisizokustahili, inataja jumla yake na inataka zirudishwe. Yangu niliishughulikia kwa kanuni moja: ile jumla ni hesabu, na hesabu hukaguliwa kabla mtu hajaomba asamehewe. Wengi huruka hatua hiyo. Wanajaza fomu ya msamaha siku hiyo hiyo, halafu wanajikuta wanajadiliana kuhusu umaskini wao wakati deni lenyewe halijathibitishwa.

Anza na tarehe iliyochapwa juu ya barua. Unahesabiwa kuwa umeipokea siku 5 baada ya hapo, na kutoka siku hiyo una siku 60 za kupinga. Ila kwa mtu ambaye bado analipwa kila mwezi, siku ya kuiogopa zaidi ni ya 30. Ombi likifika ndani ya siku 30, hawaanzi kukata mpaka walitolee uamuzi. Si jambo dogo: Machi 2024 ukato wa kawaida wa SSDI ulishushwa hadi asilimia 10, Machi 2025 ukatangazwa kuwa 100, na Aprili ya mwaka huo ukashushwa hadi 50. Nusu ya malipo ya mwezi ni kodi ya nyumba. Wanaopokea SSI, ile ya wenye kipato kidogo, ukato wao ulibaki asilimia 10.

Fomu za kujua ni tatu. SSA-561 ni ya kusema deni si sahihi, ama halipo kabisa ama kiasi kimekosewa. SSA-632 ni ya kusema hata kama lipo, mimi sikulisababisha na kulilipa kutaniumiza. SSA-634 ni ya kukubali kulipa lakini kwa kiwango kidogo zaidi. Ya kwanza ndiyo yenye kikomo cha siku 60. Ya msamaha haina kikomo. Unaweza kuiomba hata baada ya deni kukatwa lote, na ukikubaliwa unarudishiwa. Ndiyo maana 561 hutangulia. Ukitaka, zipeleke mbili pamoja, hakuna sheria inayokataza.

Kwenye 561 nafasi ya kueleza sababu ni mistari michache, na hiyo si mahali pa historia ya ugonjwa. Niliandika kwamba napinga miezi iliyotajwa na kiasi chake, kwamba mapato yahesabiwe kwa mwezi wa kazi, na kwamba vielelezo vitafuata. Inatosha kushika nafasi. Nakala ilienda kwa posta ya rejista, risiti ikabanwa nyuma ya nakala yangu. Ukipeleka mkononi, omba nakala yako igongwe muhuri wa tarehe.

Halafu omba karatasi mbili. Ya kwanza ni mchanganuo wa deni, mwezi kwa mwezi: ulilipwa nini, ulistahili nini. Ya pili inaitwa BPQY, hutolewa bure, na inaonyesha miezi gani imehesabiwa kuwa ya majaribio ya kazi na mapato gani yamo kwenye kumbukumbu zao. Bila karatasi hizi utakuwa unabishana na kivuli.

Sasa kanuni zenyewe. Mwenye SSDI ana miezi 9 ya majaribio ya kazi ndani ya kipindi cha miezi 60, si lazima ifuatane. Mwezi unaingia kwenye hesabu hiyo ukipata zaidi ya dola 1,110 kwa mwaka 2024, au 1,160 kwa mwaka 2025. Katika miezi hiyo unalipwa bima yako yote hata ukichuma vizuri. Ikiisha, inafuata miezi 36 ambayo kila mwezi unapimwa peke yake kwa kiwango cha mapato kiitwacho SGA: dola 1,550 mwaka 2024 na 1,620 mwaka 2025, kwa wasio vipofu. Mwezi uliovuka hulipwi, usiovuka unalipwa. Na mwezi wa kwanza wa kuvuka, pamoja na miwili inayoufuata, bado ni haki yako. Basi jambo la kwanza kuangalia ni kama miezi 9 imehesabiwa sawa, la pili kama ile mitatu imeingizwa kwenye deni. Mwezi mmoja ukisogea, bima ya mwezi mzima inasogea nao.

Panaponoga ni kwenye slipu za mshahara. Kila slipu ina tarehe mbili: kipindi cha kazi na siku ya kulipwa. Kwa SSDI kinachopimwa ni mwezi uliofanya kazi, si mwezi fedha ilipoingia benki. Lakini tangu sheria ya bajeti ya 2015, wanaruhusiwa kudhani kwamba mshahara ni wa mwezi uliolipwa, pale ambapo mwezi wa kazi haujulikani kwa urahisi. Ni dhana tu, na ushahidi huiondoa.

Chukua mfanyakazi anayelipwa kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, dola 560 kabla ya makato, siku 10 za kazi, yaani dola 56 kwa siku. Machi 2024 ilikuwa na Ijumaa tatu za malipo: tarehe 1, 15 na 29. Ukijumlisha kwa siku ya kulipwa unapata 1,680, na mwezi umevuka 1,550. Sasa fungua slipu. Ile ya tarehe 1 ni ya kazi ya Februari 11 hadi 24, haihusiki na Machi hata kidogo. Ya tarehe 15 inaanzia Februari 25 hadi Machi 9, ndani yake siku 6 za kazi ni za Machi. Ya tarehe 29 ni Machi yote, siku 10. Na slipu ya Aprili 12 ina siku 5 za mwisho wa Machi. Jumla siku 21, mara 56, ni dola 1,176. Mwezi umeshuka chini ya kiwango, na bima ya Machi inatoka kwenye deni.

Fanya hivyo kwa miezi yote, si ile inayokupendeza tu. Fedha unayoitoa mwezi mmoja inatua mwezi mwingine, na kama saa zako zilikuwa zinapanda na kushuka, kuna mwezi unaoweza kuvuka ambao mwanzo haukuvuka. Ni heri ulijue hilo mezani kwako kabla ya kupeleka. Na utumie mshahara kabla ya makato, kwani huo ndio wanaoupima. Mtu akipiga hesabu kwa kilichoingia benki, jedwali lake linatupwa kando.

Baada ya kupanga miezi, punguza. Malipo ya siku za ugonjwa na za likizo hayahesabiwi kwenye SGA, kwa sababu hukufanya kazi siku hizo. Kwa mgonjwa hili ni kubwa: mwajiri akikulipa akiba yako ya likizo unapoondoka, mwezi wa mwisho huonekana mnono kuliko yote, ilhali ulikuwa umelala. Tafuta mstari wake kwenye slipu, na kama umechanganywa na mshahara omba barua ya mwajiri inayoutenganisha.

Kisha gharama ulizolipa mfukoni ili uweze kufanya kazi na ugonjwa wako: sehemu yako ya bei ya dawa, vifaa, usafiri maalumu ikiwa hali yako inakuzuia kupanda basi. Zinaitwa IRWE na hutolewa kwenye mapato ya mwezi unapopimwa kwa SGA. Mwezi wa dola 1,600 ukiwa na risiti za dawa za dola 90 unakuwa 1,510, chini ya kiwango cha 2024. Kilicholipwa na bima ya afya hakihesabiwi, na bila risiti hupati kitu. Gharama hizi hazipunguzi chochote kwenye miezi ya majaribio, hivyo usipoteze nguvu huko.

Kama kazi yenyewe ilikatika ndani ya miezi 6 kwa sababu ya ugonjwa, na miezi ya majaribio ilikuwa imeisha, sema wazi kwamba ni jaribio la kazi lililoshindikana na uambatanishe barua ya daktari yenye tarehe. Jaribio la namna hiyo haliwezi kutumiwa kuamua kwamba umerudia uwezo wa kufanya kazi.

Kilichobaki baada ya mchujo huo ndicho cha kuombea msamaha. Fomu 632 ina maswali mawili makubwa: ulikuwa na kosa? Kulipa kutakunyima mahitaji ya lazima, au kutakuwa dhuluma? Kwenye la kosa, kanuni zao zinawataka wazingatie umri, maradhi, elimu na lugha, pamoja na kutokijua vizuri Kiingereza. Hilo liandike, usione haya. Ambatanisha risiti za kuripoti kazi. Sheria ya 2004 inawataka wakupe risiti kila unaporipoti. Kusema tu kwamba ofisi ndiyo iliyokosea hakutoshi, kwa sababu kosa lao halifuti lako. Deni lisilozidi dola 2,000 linaweza kuombewa msamaha kwa simu.

Kwenye matumizi, wanaokwama ni wale ambao karatasi zao hazikutani: matumizi dola 2,900, kipato 1,700, bila maelezo tofauti inatoka wapi. Kama ndugu anakusaidia chakula, andika. Kama unatuma fedha kwa mama kila mwezi, zinaonekana kwenye taarifa ya benki, ziandike kabla hujaulizwa. Na mkalimani ni bure ukimwomba. Mtoto wa shule asitafsiri mambo haya.

Wakielekea kukataa msamaha, lazima wakupe kwanza nafasi ya kukaa na ofisa ana kwa ana au kwa simu, na kuliona faili lako. Haki hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1979 katika kesi ya Califano dhidi ya Yamasaki. Usiikose. Mashirika ya msaada wa kisheria ya bure huchukua kesi hizi, nenda nao ukiweza.

Watoto wako wakilipwa kupitia jina lako, barua zao huja mbali na yako, na kila moja inapingwa kwa fomu yake. Yako ikishinda, yao haijifuti yenyewe.

La mwisho ni kodi ya mapato. Ulichorudisha kinatokea kwenye kisanduku cha 4 cha fomu SSA-1099 ya mwaka uliorudisha, na kinachotozwa kodi huanzia kisanduku cha 5, baada ya kutoa. Kisanduku cha 5 kikiwa chini ya sifuri na ulichorudisha cha miaka ya nyuma kinazidi dola 3,000, mwambie anayekujazia fomu za kodi apige hesabu kwa njia zote mbili zinazoruhusiwa, kisha atumie yenye kodi ndogo.