Kichupa Kipya cha PAX6

Kazi yangu yote ya uzamili iliegemea kingamwili moja, yaani protini ya kinga ya mwili inayoshika protini nyingine maalumu na hivyo kutuonyesha ilipo. Ilitoka kwa sungura aliyechanjwa kipande cha mwisho cha PAX6, protini inayoingia kwenye kiini cha seli na kuwasha au kuzima jeni nyingine wakati kiinitete kinajengeka. Bila hiyo jicho haliundwi. Mwaka 1995 kundi la mwanabiolojia Walter Gehring kule Basel, Uswisi, liliiwasha jeni ya PAX6 ya panya ndani ya nzi wa matunda, na jicho likaota mguuni. Jicho la nzi, si la panya. Niliposoma habari hiyo nilijua nataka kufanya kazi gani maishani.

Kichupa kilipokwisha tuliagiza kingine: jina lile lile, namba ile ile, toleo jipya. Nilifuata hatua zote kama zamani. Viinitete vya panya vilivyolowekwa kwenye paraformaldehidi, kemikali ya kuhifadhi tishu, na kugandishwa, vipande vyembamba juu ya slaidi, kingamwili usiku kucha kwenye ubaridi, kisha kingamwili ya pili yenye rangi ya kung'aa. Chini ya darubini jicho liliwaka kama kawaida.

Nikausogeza mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, mbele ya lenzi. Hapo PAX6 hukaa kwenye seli za katikati na kukatika kuelekea chini. Chini kabisa huwa hapana kitu. Sasa kulikuwa na mwanga kila mahali, hafifu lakini upo, tena ndani ya viini. Hilo ndilo lililonitia hofu. Rangi iliyotapakaa ovyo unaitambua papo hapo. Hii ilikuwa imevaa sura ya jibu.

Fundi mkuu wa maabara aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Mdogo wangu, usibishane na picha," akasema. "Ipe kiinitete kisicho na hiyo protini, uone itasema nini."

Kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri tulikuwa na vipande vya panya wa ukoo uitwao Small eye, waliorithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama. Herufi moja tu ya jeni imebadilika, na ujenzi wa protini unakatika kabla ya kufika mwisho. Hawaoti macho wala pua, na hufa punde baada ya kuzaliwa. Kwa kuwa kingamwili yetu ilipaswa kushika kile kipande cha mwisho, slaidi zao zilipaswa kuwa giza.

Viini viliwaka. Tulipopima kwa jeli, inayotenganisha protini kwa uzito, mkanda wa PAX6 wa kilodaltoni kama 47 ulionekana kwa panya wazima na kutoweka kwa wagonjwa, lakini juu yake ulikuwepo mwingine mzito zaidi, kwa wote. Basi kingamwili za PAX6 zilikuwemo kweli, zimechanganyika na nyingine zilizoshika protini ngeni kabisa. Seramu, yaani maji ya damu yenye kingamwili, ndivyo ilivyo: kila sungura na mchanganyiko wake, na akifa, huo haupatikani tena. Ndiyo maana siiamini karatasi inayokuja na kichupa, hata iwe na picha safi namna gani, mpaka nione kingamwili inanyamaza pale inapopaswa kunyamaza.

Profesa alimtumia muuzaji picha zetu. Akajibiwa kwamba toleo lile lilipita ukaguzi.

Hatukungoja zaidi. Tuliagiza kingamwili ya haibridoma, ile njia ya wanasayansi Köhler na Milstein ya mwaka 1975: seli za ukoo mmoja zinazotoa kingamwili ile ile miaka nenda miaka rudi. Tulichagua inayoshika kipande cha mwisho vilevile, ili jaribio la Small eye lisipoteze maana. Wagonjwa kwanza: buluu ya DAPI tu, rangi inayoonyesha kila kiini, hakuna kingine. Kisha wazima. Seli za NKX2.2, protini nyingine inayoongoza jeni, chini, za PAX6 juu yake, na mpaka kati yao umenyooka, maana protini hizi mbili hufukuzana. Jioni ile ile nilianza kuhesabu seli za kila upande.