Nilivyoshuka Lushoto mpaka Mombo na IST bila breki kunuka (mara ya pili lakini)

Naanza na harufu maana ndiyo iliyonifundisha. Breki zikiungua zinanuka kama kandambili iliyodondoka kwenye jiko la mkaa, halafu kuna kaukali fulani ka chuma kanakokwangua koo. Ukiisikia harufu hiyo upande mmoja kuna mwamba na upande wa pili korongo, utamkumbuka kila mtu aliyewahi kukupa ushauri wa barabarani na utamkumbuka kwa ubaya.

Mwaka juzi mwezi wa 12 tulienda Lushoto, kule juu milima ya Usambara mkoani Tanga (Mombo ndiyo iko chini ya mlima), mashoga watatu, gari langu Toyota IST. Kabla ya safari kila mtu akawa mtaalamu. Fundi wangu akasema kule bila four-wheel hufiki, uongo mtupu, Mombo mpaka Lushoto ni lami mwanzo mwisho na Coaster zinapanda zimejaza mpaka mlangoni. Mwingine akasema barabara ile siyo ya mwanamke, huyo sina la kumjibu. Ila kaka mmoja ninayefanya naye kazi, mtu anayejua kila kitu kuanzia siasa za Marekani mpaka uji wa watoto, akanivuta pembeni kama ananipa siri: "Dada, kule kurudi ni bure. Unatia nyutro Lushoto, unatoa Mombo. Hutumii hata tone."

Yaani unatoa gia, gari linaserereka lenyewe. Na mimi kwa akili zangu timamu nikamsikiliza.

Kutoka Lushoto mpaka Soni haikuwa mbaya sana, ni kona nyingi lakini mteremko siyo wa kutisha, nikawa najisikia rubani. Shughuli ni kuanzia Soni kwenda chini. Pale barabara inafuata korongo la mto na inajikunja kama utumbo, gari likawa linachukua spidi lenyewe, nakanyaga breki, naachia, linakimbia, nakanyaga, mwisho nikawa nimeuweka mguu juu ya breki moja kwa moja kama cherehani. Tumepita maporomoko ya Soni tunapiga selfi kupitia dirishani. Kona kadhaa mbele shoga yangu wa nyuma akauliza nani kavua viatu.

Halafu pedali ikabadilika. Sijui nieleze vipi, mwanzo ilikuwa inakaza, ghafla ikawa kama nakanyaga mkate wa boflo, inazama, inazama, gari linapungua kidogo tu. Nilipiga honi nikatia handibreki kidogokidogo nikaomba kwa sauti. Mungu si Athumani, mbele palikuwa na sehemu pana kandokando ambapo watoto wanauza plamu, nikaingia pale na gari likasimama kwa aibu yake, moshi unatoka kwenye tairi zote mbili za mbele.

Watoto wa plamu wakaja kuangalia. Kijana mmoja mwenye roho nzuri akaja anakimbia na ndoo ya maji anataka kumwagia tairi, na mimi nikampisha kabisa, nikamwambia mwaga kaka. Sasa nyuma yetu kulikuwa na Fuso imebeba kabichi, ikasimama, akashuka mzee mmoja na koti la mvua anapiga kelele: "Weka ndoo chini! Unataka kuwapindishia diski?" Kumbe chuma kikiwa na moto vile ukikimwagia maji ya baridi kinajikunja au kinapasuka. Unaacha kipoe chenyewe, basi.

Mzee akaniangalia. "Binti, ulikuwa unashuka na gia gani?"

"Nyutro, shikamoo."

Hakuitikia hata shikamoo. Aligeuka akamwita utingo wake, "Njoo huku, njoo umuone mtu aliyeshuka Soni na nyutro," utingo akaja akanitazama kama anatazama maiti aliyeamka. Ndipo mzee akanipa somo palepale barabarani, na somo lenyewe sentensi moja: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Yaani kama mlima uliupanda na namba 2, unaushuka na namba 2, injini ndiyo inayolizuia gari na breki inabaki ya kusaidia kwenye kona. Nikamwambia gari langu otomatiki halina gia. Akacheka mpaka akashika kioo. Akaingiza mkono ndani akanionyesha kwenye liva, chini ya D pale, kuna 2 na kuna L. Miaka minne namiliki hilo gari, nilidhani yale ni mapambo.

Tulikaa pale kama lisaa tunakula plamu za buku. Baadaye nikaja kusoma zaidi kwa hasira, nikakuta hata hiyo ya kuokoa mafuta ni uongo. Gari za sasa hizi za EFI, yaani zinazopimiwa mafuta na kompyuta, ukishuka uko kwenye gia na hujakanyaga mafuta, zinakata mafuta zenyewe, ila ukitia nyutro injini inabidi inywe ili isizime. Kwa hiyo nilitaka kutuua kwa ajili ya hasara. Na ule ulaini wa pedali ni mafuta ya breki kuchemka, yakichemka yanatoa mapovu na mapovu yanabonyea. Yule kaka nilimweleza yote Jumatatu, akasema labda breki zangu zilikuwa mbovu.

Sasa mwaka huu mwezi wa 6 nikaamua narudi, safari hii na mama yangu, mdogo wangu na mwanangu wa miaka 7. Mama ana presha na ana maoni, vyote kwa wingi. Nilibadilisha brekipedi na mafuta ya breki kwanza, hilo sihitaji kulieleza.

Tuliondoka Dar saa 11 alfajiri tukapitia Bagamoyo tukatokea Msata, maana Kibaha mpaka Chalinze na malori yale mtu unazeeka. Wami sasa hivi kuna daraja jipya, lile la zamani jembamba la kupishana kwa zamu mama alikuwa analisomea dua kabisa. Kuna kijiji kabla ya Segera niliachia elfu 30 ya spidi, kosa langu, kibao cha 50 nilikiona nikadhani trafiki wamelala. Mombo tukajaza tenki tukanywa chai.

Kupanda ni kilomita 33 hivi na hapo mwanangu huwa anatapika, nimejaribu kila kitu. Dawa iliyofanya kazi siyo ndimu wala tangawizi, ni kumnyima simu na kumpa kazi ya kupiga kelele "KONAAA!" kila tukikaribia kona, kwa hiyo lazima aangalie mbele. Akaangalia mbele kilomita zote 33. Alimaliza sauti lakini hakutapika. Mimi nazima AC, natia 2, napiga honi kwenye kona zilizojificha, na nikiona basi linakuja sina ushindani nalo. Mombo mnatoka jasho, Soni mnapandisha vioo, Lushoto mama anauliza lile blanketi liko wapi.

Watu wanasema Lushoto hamna kitu. Ni kweli hamna kitu kama wewe kitu kwako ni klabu. Mji uko bondeni umezungukwa na milima, una misonobari, una soko lina karoti zimeoshwa mpaka zinang'aa, na ule ubaridi wa mwezi wa 6 ambao asubuhi unaongea moshi unatoka mdomoni. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Mama nilipomwambia akasema, "Kwa hiyo na wao joto la Tanga liliwashinda." Chumba tulipata kama elfu 45 au 50, maji ya moto yapo ila unaagiza, yanaletwa kwenye ndoo. Vaeni soksi mkilala.

Irente nenda jioni, siyo saa 6 mchana kama tulivyofanya mara ya kwanza tukakuta mwanga mkali unaumiza macho na picha zote nyeupe. Ni kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini, vumbi lakini IST inafika. Unatembea unafika kwenye mwamba na dunia inaishia hapo, chini kabisa unaona Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa kama daftari la hesabu, na ile barabara ya Arusha tuliyokuwa tunagombania na mabasi imekuwa uzi, mabasi yenyewe punje za mchele. Mwanangu alinyamaza dakika nzima, wanaomjua watanielewa. Mama hakusogea kwenye ukingo, alikaa chini akashika majani kwa mikono miwili akasema anaona vizuri tu kutoka hapo. Njiani kuna shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, mikate na jamu zao, tukanunua jamu tatu, moja imefika Dar.

Mji ambao ningekwambia usirudi bila kuuona ni Mtae. Kila mtu anaishia Irente halafu anasema kamaliza Lushoto. Mtae uko mwisho kabisa wa milima kaskazini kule, umekaa juu ya mgongo wa mlima, nyumba ziko huku na huku na pande zote mbili kunateremka. Kutoka Lushoto ni kama kilomita 60, mnapita msitu wa Magamba (tuliona mbega wawili, mdogo wangu anasema watatu), Lukozi kwenye mboga, halafu vumbi na mawe mpaka mwisho. Hapa ndipo IST niliiheshimu. Siku ya kwanza nilijaribu, nikaenda mpaka lami ilipoishia na kidogo mbele, jiwe likagonga chini "KO!", mama akasema "Hilo lilikuwa la kwetu?" nikageuza. Hamna aibu. Tukakodi Noah na dereva wake mwenyeji, alitaja laki na nusu tukavutana ikashuka shuka mpaka laki na kitu, na mafuta yake humo humo.

Nikakaa mbele makusudi nimuangalie miguu. Yule kijana mteremko wote mguu wa breki haukai. Anagusa, anatoa. Anagusa, anatoa. Anakanyaga kwa nguvu kabla ya kona, akiingia kwenye kona ameshaachia. Mimi nilikuwa napapasa breki muda wote kidogokidogo nikidhani ndiyo uangalifu, kumbe kupapasa huko ndiko kunakopika breki kwa sababu hazipati hata sekunde ya kupumua. Nilimlipa kwa ajili ya Mtae nikapata na shule.

Tuliondoka saa 10 alfajiri ili tufike kabla mawingu hayajafunga. Kwa chini unaona nyika ya Mkomazi imelala, safu ya Upare ng'ambo, na kwa mbali juu ya ukungu kulikuwa na kitu cheupe. Mama anasema ni Kilimanjaro. Mimi nasema lilikuwa wingu. Dereva aliangalia nani anashika pochi akasema ni Kilimanjaro.

Siku ya kurudi sasa. Usiku wake sikulala vizuri, naota boflo. Asubuhi sikuondoka mapema, nilipaki njiani nikasubiri. Mdogo wangu anauliza tunasubiri nini, namwambia nasubiri Fuso. Ndiyo ujanja wangu huo na naujivunia: unatafuta lori la mboga lililojaza linalokwenda chini, unakaa nyuma yake mbali, kama nguzo tatu nne za umeme, na unashuka kwa spidi yake. Lori lililojaza haliwezi kukimbia na dereva wake anaijua kila kona, kwa hiyo unakuwa umeajiri dereva wa bure. Ukitamani kulipita, kumbuka hulipi chochote kwa kusubiri. Walionipigia honi nyuma niliwasha indiketa nikasogea wakapita.

Ikaja ya karoti. Mpaka Soni nilitumia 2. Kuanzia Soni kwenda chini nikashusha mpaka L, injini ikalia, mdogo wangu akashtuka akadhani limeharibika, mimi nikasikia raha kama muziki. Gari linajishika lenyewe. Nagusa kabla ya kona, naachia. Nilipopita ile sehemu ya watoto wa plamu nikapiga honi moja ndefu ya heshima, hapakuwa na mtu maana siyo msimu.

Mombo nikapaki kwenye kivuli, nikashuka, nikachuchumaa kwenye tairi la mbele nikasogeza kiganja karibu na rimu (usiguse, sogeza tu). Vuguvugu. Kama kikombe cha chai uliyoisahau. Nikanusa kabisa, watu wa stendi wananiangalia mwanamke mzima ananusa tairi, nikanusa na la pili. Hamna kitu, vumbi tu.

Nikafungua mlango wa nyuma kumwambia mama. Alikuwa amelala, mdomo wazi, jamu mapajani. Akafumbua jicho moja akajipapasa sikio.

"Mbona masikio yameziba? Tumeshaanza kushuka?"