Skrubu namba nane

Juzi mtaani Gerezani, Dar es Salaam, kijana wa dukani alipokea skrubu yangu ya kitasa, akachovya mkono kwenye kopo, akatoa nyingine, akazilaza pamoja kiganjani. "Hii hapa kaka, ndo yenyewe. Inaingia." Nikacheka peke yangu, akadhani nacheka bei.

Nilikumbuka usiku mmoja wa zamani kwenye karakana ya ndege. Ilikuwa shifti ya usiku, watu pungufu kama kawaida, ndege inasubiriwa asubuhi. Mwenzetu mmoja akamfuata Mzee, inspekta wetu, mkaguzi wa kazi zetu: "Mzee, vifuniko vya bawa la kushoto vinanitia wasiwasi. Nadhani skrubu nimechota kopo silo."

Mzee hakufoka. Alifungua moja, akaagiza nyingine stoo, akaniita mimi niliyekuwa mdogo wao. Akaniwekea zote mbili kiganjani, akamulika tochi.

"Ipi sahihi?"

Nikazigeuza. Urefu ule ule, kichwa cha aina ile ile, meno yale yale, thelathini na mbili kwa inchi. Skrubu namba nane na namba kumi zimepishana unene, na tofauti haifiki hata milimita moja. Nikachagua. Hakuniambia kama nimepata.

"Haya, ifunge."

Ikaingia laini. Ikashika. Nikaongeza nguvu kidogo, mkono ukasikia *tk*.

"Imekaza, Mzee."

"Hiyo imeruka meno, mwanangu."

Kisha akatupa kisa cha Birmingham, ambacho wenzangu wa karakana mnakijua: 10 Juni 1990, kioo cha mbele cha BAC One-Eleven kinang'oka angani, rubani Tim Lancaster anafyonzwa nje mpaka kiunoni, wahudumu wanamng'ang'ania miguu hadi Southampton. Akapona. Kati ya bolti 90 za kioo kile, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa. Fundi alizilinganisha na za zamani kwa macho, usiku, ingawa mtu wa stoo alishamtajia namba sahihi. Wachunguzi waliona kwamba meno yakiruka, mkono unaweza kudhani ni bisibisi ya kipimo, ile inayolia *tk* ikifika nguvu iliyowekwa, inasema inatosha.

Skrubu za bawa letu tulizitoa zote. Ndege ikachelewa, abiria wakanuna, na mwenzetu akapewa barua ya onyo. Mzee alipanda ofisini kumtetea. Aliporudi hakusema neno, akaomba chai.

Wakati ule niliwaona wakubwa hawana akili kabisa: mtu kajisema mwenyewe, ndege haijatoka hata mlangoni, mnamwandikia barua! Sasa na mimi nina vijana chini yangu, na mteja akipiga simu kuuliza kwa nini ndege imechelewa, naona jinsi barua ile inavyorahisisha mazungumzo. Bado sijaandika hata moja. Sijui ni msimamo au ni uoga.

Baada ya usiku ule hakuna tena aliyemfuata Mzee na wasiwasi wake. Daftari la kasoro likakaa jeupe wiki baada ya wiki, na kwenye kikao meneja akatupongeza kwa umakini.